Nirudishe menyu za zamani kwenye saiba, au nijilazimishe na hii mpya?

mama_saiba_umoja

Hamjambo wadau. Nina saiba hapa Umoja, Nairobi, chumba kimoja, kompyuta sita, printa mbili, na mashine ya kulamineti ambayo kusema kweli ndiyo inayolipa kodi. Nilifungua mwaka 2009, mwaka ule kebo ya intaneti ya SEACOM ilipofika Mombasa. Sikusomea kompyuta. Nilisomea taipu na hati mkato, kompyuta ikanikuta kazini.

Mashine zangu za kwanza nilizitia Ubuntu, mfumo wa aina ya Linux unaokaa mahali pa Windows, kwa sababu ilikuwa ya bure mpaka kwenye sidii. Wenye umri wangu mtakumbuka: unajaza fomu, Canonical, kampuni yenye Ubuntu, wanakutumia sidii kwa posta, unaenda kuchukua bahasha na hulipi hata shilingi. Eneokazi lake, yaani menyu, tepe na madirisha unayoyaona, lilikuwa GNOME 2. Juu kushoto maneno matatu: Applications, Places, System. Chini utepe mwingine, kila dirisha ulilofungua lina kibonye chake chenye jina. Kona ya chini kushoto kibonye cha kuficha kila kitu, kona ya chini kulia pipa la taka. Basi. Mtu akishaambiwa mara moja ameelewa.

Ubuntu 10.04 ilipofika mwisho wake mwaka 2013 nilihamia Linux Mint yenye eneokazi la MATE, nikaupanga utepe ufanane na ule wa zamani, na wateja hawakujua kama kuna kitu kimebadilika. Nimekaa hapo mpaka leo kwenye mashine tatu.

Zile tatu nyingine zilikuwa na Windows 10. Huduma yake ilipokwisha tarehe 14 Oktoba 2025 nilikuwa sina pa kwenda, maana ni mitumba ya ex-UK, prosesa za i5 za kizazi cha nne, na Windows 11 inataka kuanzia kizazi cha nane na chipu ya usalama ya TPM 2.0 juu yake. Mpwa wangu, kijana mzuri, yuko chuo mwaka wa tatu, akaja Jumapili na fleshi yake akaniwekea Debian 13, Linux nyingine, yenye GNOME mpya. Alipomaliza akasimama nyuma ya kiti changu kama mtu aliyepika pilau anangoja kusifiwa.

Nikaangalia. Utepe mweusi juu, saa katikati. Hakuna menyu. Chini hakuna kitu. Kwenye picha ya ukutani hakuna aikoni hata moja. Nikamuuliza programu ziko wapi, akasema, “Anti, bonyeza pale juu kushoto.” Pale juu kushoto pana kidonge cheupe na nukta. Zamani paliandikwa Activities, anasema, lakini tangu GNOME 45 neno wameliondoa.

Sasa hapo ndipo shida yangu ilipo, na nataka mnielewe vizuri msije mkaniambia ni uzee. Mimi saa zote niko kwenye printa, mgongo nimewapa wateja. Namfundisha mtu kwa mdomo. “Juu kushoto, neno la kwanza. Teremka hadi Office. Sasa la kwanza hapo.” Amefika, na mimi bado napanga karatasi. Kwa GNOME mpya nitasemaje? Bonyeza kidonge? Kidonge gani, mteja ataniuliza, na mimi niache photocopy ya mtu nikamwonyeshe kwa kidole. Mara sita kwa siku, mara kumi mwezi wa Juni watu wakija na returns za kodi za KRA.

Halafu kuna ile kona. Jumatatu, siku ya kwanza, mzee mmoja anajaza fomu ya cheti cha polisi cha tabia njema. Akataka kurudi ukurasa wa nyuma, akaitupa mausi juu kushoto kwa nguvu kama wafanyavyo wasiozoea. Mausi ikagonga pembe, madirisha yote yakanywea yakarudi nyuma. Akainuka kwenye kiti. “Mama, imepasuka! Sijagusa kitu!” Nikamtuliza, nikabonyeza, fomu ikarudi. Dakika tano baadaye imepasuka tena. Alimalizia kwa mkono wangu.

Swali: nirudishe MATE kwenye hizi tatu pia, au nitakuwa najichimbia shimo kwa kushikilia kitu kinachokufa? Na je, naweza kuirudisha bila kufuta kazi ya kijana? Sitaki kumvunja moyo.

---

fundi_wa_luthuli

Mama, huhitaji kufuta chochote. Debian ni ile ile, eneokazi ni nguo tu. Fungua terminal, lile dirisha la kuandikia amri:

sudo apt install task-mate-desktop

Ikimaliza, toka kwenye akaunti. Kwenye skrini ya kuingia, bonyeza jina la mtumiaji, itatokea gurudumu la meno chini kulia. Bonyeza hapo, chagua MATE, weka nywila. Itakumbuka chaguo hilo mara zote. GNOME itabaki imelala hapo hapo, kijana akija ataichagua yeye. Kero utakayoona ni programu kurudiwa kwenye menyu: visoma PDF viwili, terminali mbili. Usishtuke.

Ongeza na programu ya mate-tweak. Ndani yake kuna mpangilio unaoitwa Traditional, ndio huo wa tepe mbili unaousifu.

Kuhusu kitu kinachokufa. GNOME 2 yenyewe ilikwisha na toleo 2.32 mwaka 2010, na GNOME 3 ikatoka Aprili 2011. Mwaka huo huo kijana mmoja wa Argentina anayejiita Perberos akachukua msimbo wa ile ya zamani akaanza kuuendeleza. Akauita MATE, yaani ile chai ya majani wanayokunywa huko kwao. Ilibidi kila kitu kibadilishwe jina ili kisigongane na kipya kwenye mashine moja. Nautilus, ya kufungulia folda, ikawa Caja, maana yake sanduku. Gedit, ya kuandikia, ikawa Pluma. Evince, ya kusomea PDF, ikawa Atril. Kwa hiyo ukifungua folda ukaona Caja, ni jamaa yako yule yule amebadilisha kitambulisho. Mwaka 2017 toleo la 1.18 lilimaliza kuhamia GTK 3, vifaa vipya vya kuchorea vibonye na madirisha, ndiyo maana mpaka leo inakaa kwenye mifumo mipya bila kugombana.

Kufa haijafa. Ila ina watu wachache, na inatembea polepole.

---

msimbo_wa_usiku

Anti, kwa heshima zote, naona unamlaumu kijana bure. GNOME ya sasa ni nzuri sana ukiipa wiki mbili. Huhitaji kwenda juu kushoto kabisa. Bonyeza kitufe cha Windows, andika herufi tatu za kwanza za unachotaka, Enter. Mimi natumia Fedora, Linux nyingine yenye GNOME, hapa kwa kazi na sijui mara ya mwisho nilifungua menyu lini. Mkono hautoki kwenye kibodi.

Ile pembe inazimika: Settings, Multitasking, zima Hot Corner. Vibonye vya kupunguza na kukuza dirisha vinarudi kwa programu ya Tweaks. Ukitaka utepe wa chini kuna kiendelezi, yaani nyongeza, kiitwacho Dash to Panel. Nusu saa umemaliza.

Na kitu kingine, msitufanye tuamini GNOME 2 ilishushwa kutoka mbinguni. Ilipotoka 2002 watu wa GNOME 1 walilalamika vile vile, kwamba wameondolewa mipangilio, wamefanywa watoto. Linus Torvalds mwenyewe, aliyeanzisha Linux, 2005 alikuwa anawaambia watu watumie KDE, eneokazi jingine. 2011 akaikimbia GNOME 3 akaenda Xfce, eneokazi jingine tena. Halafu baadaye akarudi GNOME 3 hiyo hiyo. Tukiipa muda miaka kumi, kuna mtu atakuja humu kulilia kidonge.

---

mama_saiba_umoja

Fundi, ubarikiwe. Nitafanya Jumapili nikiwa nimefunga.

Msimbo, mwanangu, sijakukasirikia, na hilo la 2002 sikulijua, limenichekesha. Lakini hebu njoo ukae kwenye kiti changu siku moja. Unasema aandike herufi tatu za kwanza. Herufi tatu za nini? Mteja wangu hajui kwamba kitu cha kuandikia barua kinaitwa Writer. Anajua “ile ya kutaipu”. Kwenye menyu ya zamani hahitaji jina, anahitaji njia: Office, kisha ile yenye alama ya karatasi. Mtu hukumbuka mahali kabla hajakumbuka jina. Mimi mwenyewe nina mteja wa miaka saba simjui jina, najua anakaa mashine ya nne.

Na wiki mbili unazosema niipe, nitampa nani? Wewe mashine ni yako, utalala nayo na kuamka nayo. Mteja wangu ana dakika kumi na nauli ya kurudi. Kesho anayekaa hapo ni mwingine. Ningeweza kufundisha kidonge kwa mtu mmoja mara moja. Siwezi kukifundisha Umoja nzima, mtu mmoja mmoja, kila siku upya.

Tena kuna jambo sikulitaja. Watu hapa huhifadhi CV zao “kwa desktop”. Ndivyo walivyofundishwa kila saiba. Jumanne msichana alikuja na usaili siku ya pili yake, CV aliitaipu Jumatatu kwenye moja ya hizi mpya. Anaangalia ukuta hakuna kitu. Machozi yakaanza. Faili lilikuwepo, ndani ya folda ya Desktop, lakini ukuta hauonyeshi. Ningejua nisingemwacha asubiri robo saa nzima akiamini imefutwa. Nilimchapia bure.

---

kawangware_bytes

Dada yangu, hiyo ya CV imenigusa, nimeiona kwangu. GNOME waliondoa kabisa uwezo wa kuonyesha faili kwenye eneokazi kwenye toleo la 3.28 mwaka 2018. Kuna kiendelezi cha kurudisha, lakini hivi viendelezi toleo jipya likija vingine vinazimika mpaka mwenye navyo avisasishe. Kwa laptopu yako ni sawa. Kwa saiba, siku unaposasisha usiku, asubuhi unafungua mlango watu wamepanga foleni na utepe haupo.

Mimi niko Kawangware, mashine nane, nyingine bado zina RAM ya GB 2. Sikuenda MATE, nilienda Xfce. Haina historia ya kutikisika. Ilifika 4.0 mwaka 2003 na mpaka leo namba ya mbele bado ni 4. Kila baada ya miaka kadhaa wanaongeza kitu, hakuna anayeamka na ndoto ya kubomoa nyumba. Menyu iko juu kushoto, imeandikwa Applications, unaweza kuisema ukiwa umelala.

Nikuulize: zile tatu zako za Debian zina RAM ngapi?

---

mama_saiba_umoja

GB 4 kila moja. Na GNOME ilikuwa inazichosha, hilo nalo. Ukifungua kivinjari chenye kurasa tano na LibreOffice, mausi inaanza kutembea kama inavuka matope.

Ningependa kubaki MATE kwa sababu zile tatu nyingine ziko huko, nataka sita zote zifanane. Mteja akihama mashine ya pili kwenda ya tano asianze upya. Lakini Xfce nimeiandika kwenye daftari.

---

mzee_konqueror

Ninyi mnaolilia 2011 ni watoto. Sisi wa KDE tulifiwa Januari 2008, ilipotoka KDE 4.0. KDE 3.5 ilikuwa gari lililokwisha tengenezwa, hata mlango hauliwi na kutu. Wakatuletea 4.0 ikiwa bado na waya nje. Ilikuja kuwa nzuri, sikatai, Plasma, eneokazi la KDE la leo, ni chombo kizuri sana. Ila mimi nilishahama: kuna watu waliichukua ile 3.5 wakaiita Trinity, na bado wanatoa matoleo. Naitumia mpaka leo kwenye mashine ya nyumbani Buruburu. Mjukuu wangu husema inafanana na kompyuta ya benki.

Mama, ushauri wangu ni mfupi. Kama mkono unaijua njia, usiubadilishie njia bila kuulipa.

---

fundi_wa_luthuli

Niongeze tahadhari moja, maana mama aliuliza kama anajichimbia shimo, na hilo hatujalijibu sawasawa.

Chini ya maeneokazi haya yote kuna kitu kinachochora skrini. Cha zamani ni X11, cha sasa ni Wayland. GNOME 49, iliyotoka Septemba 2025, tayari imezima kikao cha X11 kwa chaguomsingi. MATE kwa sehemu kubwa bado inategemea X11, na kazi ya kuihamisha inaendelea kwa mwendo wa watu wachache niliosema. Kwa hiyo shimo lipo, ila liko mbali. Debian 13 ina huduma kamili hadi 2028, na LTS, huduma ya muda mrefu, hadi 2030. Mpaka wakati huo hakuna atakayekuondolea X11 chini ya miguu. Hizo i5 zenyewe sijui kama zitafika 2030.

---

msimbo_wa_usiku

Nakubali hoja ya mdomo. Sikuwahi kufikiria kompyuta kama kitu cha kuelezewa na mtu asiyeiangalia. Nimejaribu jana kumwelekeza mamangu kwa simu afungue folda ya picha kwenye laptopu niliyomwekea Fedora. Tumetumia dakika kumi na mbili. “Kuna kadirisha?” “Kapi?” Nimekata simu nimechoka.

Lakini kwangu sihami.

---

mama_saiba_umoja

Usihame, mwanangu, hiyo ni yako. Mamako je?

Sasa niwape matokeo. Jumapili nilifunga mlango nusu, nikafuata maagizo ya fundi. Mashine ya kwanza ilichukua karibu saa moja kwa sababu bando lilikuwa la simu. Gurudumu la meno nilikuwa silioni mpaka nikakumbuka umesema nibonyeze jina kwanza. Nikachagua MATE, nikaingia, nikaweka ule mpangilio wa Traditional. Applications, Places, System. Niliyasoma kwa sauti, peke yangu. Kwenye ukuta faili za watu zote zimejitokeza, CV kumi na tisa na picha moja ya ng'ombe ambayo sijui ni ya nani.

Mpwa wangu alikuja jioni. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno. Akaangalia, akasema, “Anti, hii inafanana na ile kompyuta nilichezea hapa nikiwa darasa la tatu.” Akavuta kiti. Mashine ya sita, ile ya pembeni anayokaa Jumamosi kunisaidia, nimemwachia GNOME yake na kidonge chake. Huwa nampitia kwa nyuma namwona anafanya mambo kwa kibodi tu, upesi, na lazima niseme inapendeza kuangalia. Nimebandika karatasi: SI YA WATEJA.

Jumatatu yule mzee wa cheti alirudi kuchapisha risiti. Nilimwelekeza nikiwa kwenye laminesha. Places, neno la pili. Downloads. Ya juu kabisa. Akachapa mwenyewe, akalipa shilingi kumi, akatoka bila kusema asante, yaani hakuona kama kuna kitu kigumu kimefanyika.

Ila siwezi kuwadanganya kwamba ya zamani ni malaika. Leo saa nne mtoto wa shule amebonyeza kulia kwenye utepe wa chini, akachagua kuufuta, akaulizwa kama ana uhakika, akasema ndiyo. Watoto wana uhakika sana. Hii ilikuwa ikinitesa tangu enzi za Ubuntu, nilikuwa nimeisahau. Nimeandika mate-panel --reset kwenye terminal, utepe umerudi, lakini mpangilio wangu umepotea ikabidi nipange tena. Fundi, hakuna kufuli?

---

fundi_wa_luthuli

Lipo. Sakinisha dconf-editor, programu ya kubadilisha mipangilio ya ndani, ifungue, nenda org, mate, panel, general, tafuta locked-down, iwashe. Fanya hivyo kwenye akaunti ya wateja, si yako.

---

mama_saiba_umoja

Nimewasha zote tano. Nimebonyeza kulia mwenyewe kwenye utepe, lile neno la kufuta halipo tena. Kesho mtoto yule ana kipindi cha mchana, nitamweka mashine ile ile.